Kuomba Jicho Likiwa Wazi

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Woodley, na kazi yangu kubwa ni kuombea wagonjwa. Wengi wanaokwenda kupasuliwa nimewashika mkono nikawaambia wasiogope. Niliyasema hayo kwa urahisi, kwa kuwa aliyepasuliwa hakuwa mimi.

Kisha nikapata mtoto wa jicho. Daktari alinieleza kwamba sitalazwa usingizi. Dawa ingetia ganzi jicho peke yake, kifaa kingelishikilia lisifumbe, nami nisisogee wala kusema neno mpaka amalize. Nikisogea, naweza kulipoteza.

Asubuhi hiyo binti yetu alitupeleka hospitali moja upande wa Spring Valley.

"Mbona umenyamaza?" mke wangu akauliza.

"Naomba."

"Na mlango wa gari umeushikia nini?"

Kabla ya kuanza, muuguzi akaniambia, "Guka, nasikia wewe ni mzee wa kanisa. Tuombee basi." Aliniita guka kama mjukuu wangu hasa.

Hapo nikaona njia ya kuponea. Nikafumba macho. Nikashukuru kwa usiku uliopita, nikawaombea waliojenga hospitali, walimu, wakulima, mvua na bei ya unga. Nikashuka Misri nikaanza kuwatoa wana wa Israeli, polepole, pengine daktari angeitwa kwingine. Nilipokaribia Bahari ya Shamu, daktari akasema, "Amina," kama mtu anayefunga duka, na muuguzi akaitikia.

"Mzee, hao walivuka," daktari akaendelea. "Dawa niliyokutia jichoni haitangoja wafike Kanaani."

Wakanilaza, wakanifunika uso kwa kitambaa, jicho likabaki peke yake chini ya taa. Ndipo nilipotambua shida yangu. Sijawahi kuomba jicho likiwa wazi, wala bila sauti, wala bila kutikisa mkono. Yote niliyozoea yalikuwa yamekatazwa. Moyo ulipiga mpaka nikahofia daktari atauambia nao utulie. Nikayatafuta yale maneno mazuri ninayowapa wagonjwa, hata moja halikuja. Lililokuja ni hili: Bwana, nishike kichwa.

Nikalirudia moyoni, kisha tena. Shingo ikalegea, vidole vikaachia shuka. Sikuona malaika, niliona mwanga, na kitu kama maji yanayopita juu ya kioo. Lakini nilitulia, na utulivu ule haukuwa wangu, maana wangu naujua.

"Tumemaliza," daktari akasema. "Kazi imeenda vizuri sana."

Sikujibu.

"Guka?" Muuguzi akanigusa mkono. "Daktari, huyu hajibu."

Nikasikia viatu vya daktari vikirudi mbio kutoka kwenye sinki, kitambaa kikainuliwa, na uso wa daktari ukanijia karibu. "Mzee, unanisikia? Sasa unaweza kusema."

"Nakusikia," nikamwambia. "Ngoja kwanza nimshukuru aliyenishika."