Jina la Jessy Redioni

Siku redio ilipolitaja jina la Cédrick, Émilienne alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, na mwiko ukamganda mkononi. Alingoja. Mtangazaji akasoma habari ya wajumbe wa haki za binadamu waliotoka ng'ambo, akasoma habari ya vijana wa Likasi waliokamatwa na kupigwa, akasema tena Cédrick, mara ya pili, kwa sauti nzuri kama anatangaza harusi. Halafu akaingia kwenye mpira. Jessy, mwanawe Émilienne, hakutajwa hata kwa bahati mbaya.

Roho ilimuuma Émilienne, na tusimpambe: haikuwa huruma, ilikuwa gere, wivu wa kweli. 

Kwani Cédrick alikuwa nani? Mtoto wa Fortunée, jirani yake hapa Panda, ukuta kwa ukuta katika nyumba zile za zamani za kambi ya wafanyakazi. Jessy na Cédrick walikamatwa asubuhi moja, barabara moja, kwa kosa moja: kusimama na vijana wenzao mbele ya malori ya madini, wakidai barabara imwagiwe maji, kwa sababu vumbi lilikuwa linaingia hadi kwenye vitanda vya watoto wachanga. Cédrick alivunjwa kifundo cha mkono. Jessy alipigwa kwa kitako cha bunduki hadi sikio la kushoto likaanza kutoa usaha. Sasa nani kati yao alistahili redio kuliko mwenzake?

Tangu siku ile mama hao wawili walipika kwa zamu. Huku kwetu gereza halishibishi mtu. Asiye na ndugu wa kumletea chakula anakonda mpaka anasahaulika. Leo Fortunée anapika sombe, majani ya muhogo, na bukari kwa vijana wote wawili, kesho Émilienne anapika tomson, samaki wale wa barafu, wanapeleka pamoja, wanakaa kwenye benchi la wageni pamoja. Wengine walidhani ni ndugu wa tumbo moja.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya mahindi. Siku wajumbe walipofika Panda, Émilienne alikuwa amekwenda Kapolowe kununua mahindi ya kusaga. Aliporudi na magunia yake alikuta mtaa mzima umevimba kwa habari: wazungu wawili na mwanamke mmoja Mwafrika wa suti walikuwa wamekaa kwa Fortunée, kwenye viti vya plastiki alivyoazima kwa watu, wakanywa maji yake, wakaandika. Tangu hapo Fortunée akawa mtu. Kwenye sala ya jumuiya walimwombea Cédrick kwa jina. Padri alimshika mkono mlangoni pa kanisa. Émilienne alisimama nyuma yake na mkono wake mtupu.

Baada ya redio, Fortunée mwenyewe alikuja, uso mzito.

"Mama Jessy, minye nilibaambia yote. Jessy, sikio yake, kila kitu. Njo balisema: bila mama yake kukubali, jina hatutie. Bale ba gereza bataweza kumutesa zaidi. Balisema batarudia kukuona."

"Ah bon! Na Cédrick, kwake habakuogopa?"

"Minye nilikuwa pale, nilikubali. Weye haukukuwa."

"Acha, mama. Mutoto yako iko vedette sasa, jina yake iko mu radio. Yangu iko bure."

Maelezo yalikuwa wazi kama mchana, na Émilienne aliyaelewa vizuri sana. Lakini gere haitaki maelezo. Kesho yake alipika chungu chake peke yake, akapita mlango wa Fortunée bila salamu, kichwa juu, beseni juu ya kichwa.

Wiki hiyohiyo serikali ilijibu. Msemaji wake alifoka redioni kwamba ripoti ile ni uzushi, kwamba ni ingérence, yaani wageni kuingia jikoni mwa watu na kufunua vyungu. Nchi ina sheria zake, akasema, ina mahakimu wake, ina hata madaktari wake, haihitaji mtu wa kutoka mbali kuja kuhesabu makovu ya raia wake. Wajumbe hawatapewa tena ruhusa ya kurudi. Fortunée alilia aliposikia. Émilienne alisikia kilio kile kupitia ukuta, na niseme ukweli, kilimpoza kidogo.

Ndipo Firmin alipobisha hodi. Firmin alikuwa kijana wa ofisi ya yule msemaji wa serikali, shati limepigwa pasi, na kazi yake ilikuwa kurekodi sauti za wananchi.

"Mama, tulisikia weye pia uko na mutoto mule ndani. Mbona bale bageni habakumutaja? Balifika kwa jirani, kwako habakufika. Ile ni dharau."

Mtu wa kwanza kumwelewa! Émilienne akampa kiti.

"Weye sema tu jina yake," Firmin akaendelea, akisogeza kirekodi. "Sema iko muzuri, hakuna mutu alimupiga. Siye tutaangalia dossier yake."

Alijua ni uongo. Alikuwa ameufua mto wa kulalia wa Jessy, ule uliotoka gerezani, kwa mikono yake, usaha na yote. Lakini jina! Akasema. Alilisema jina la Jessy mara tatu, na la ukoo, na la ubatizo.

Jioni redio ilimrusha. Mtaa wote ulisikia: Jessy, Jessy, Jessy, mtoto wa Émilienne wa Panda, mzima kabisa, hajaguswa na mtu. Msemaji akadakia kwamba mama mzazi ameumbua uzushi wa wageni. Émilienne aliongeza sauti ili ipenye ukutani. Usiku huo alilala vizuri, fikiria.

Siku chache baadaye serikali, ili kuonyesha kwamba haina haja na mgeni, ilimpeleka daktari wake gerezani. Émilienne alikwenda na chungu chake, akitegemea kuona sikio limesafishwa. Jessy alitoka, akakaa. Pamba mpya sikioni hakuna. Harufu ilikuwa ileile, tena imezidi.

"Munganga habakukuletea?"

"Alikuja, mama. Firmin alikuwa naye. Baliniuliza mbele ya batu bote: weye njo Jessy? Ulipigwa?"

"Na weye?"

"Nilisema hapana. Cédrick yeye alisema ndiyo." Jessy alikuwa anaongea kwa sauti kubwa, kama watu wasiosikia vizuri. "Siye bote tulisikia radio mule ndani. Mama yangu alisema hakuna mutu alinipiga. Nilikuwa nisema nini, mama? Nikuite muongo mbele ya batu?"

Émilienne alifunika chungu. Aligeuza uso, na macho yakaangukia benchi la pili. Fortunée alikuwa anamlisha Cédrick tonge kwa tonge, kwa sababu mkono wa kijana ulikuwa umefungwa plasta mpya, nyeupe, ya daktari. Émilienne aliitazama plasta ile, akaionea gere.