Bakuli la Maharage la Mama Cuca

Kila Jumapili mtaa mzima wa Oblatos ulikula nyama ya Mama Cuca, isipokuwa mwanawe mwenyewe. Watu walipanga foleni mlangoni kwake tangu misa ya kwanza, wengine na sufuria mkononi, wengine na macho mekundu ya ulevi wa Jumamosi, wakingojea birria: nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu na pilipili kavu na karafuu mpaka inaachana na mfupa yenyewe. Ng'ambo ya barabara, ndani ya gari lake kuukuu la mizigo, alikaa Evaristo Quintanar, bondia, fahari ya mtaa, akimenya mayai ya kuchemsha. Vioo alikuwa amevipandisha kwa sababu ya harufu. Msimcheke. Kama mmekuzwa na sufuria ile, jaribuni kuinusa mkiwa na yai baridi mdomoni.

"Mama Cuca!" Chon, fundi viatu, alipaza sauti ili foleni nzima isikie. "Mwanao mwenyewe haigusi nyama yako. Sisi tutapona kweli?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Cuca naye akacheka, lakini aligonga mwiko ukingoni mwa sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na Evaristo aliliona hilo kutoka garini.

Sababu aliijua yeye na mwalimu wake, Mzee Nabor, basi. Evaristo alikuwa amesaini kupigania mkanda wa dunia, na anayesaini pambano kama hilo hupimwa mkojo na damu wakati wowote, bila kuambiwa. Kila siku alitakiwa kujaza kwenye simu mahali atakapolala, ili wapimaji wakija wamkute. Miongoni mwa dawa wanazozisaka ni klenbuterol, ambayo wafugaji wengine wa kwetu huwapa ng'ombe kwa siri wajae nyama bila mafuta. Ukila ng'ombe huyo, dawa inakuingia na wewe. Mashine inaona kwamba imo tu. Haijui kama uliidunga kwa sindano au uliila kwa chapati ya mahindi. Ndiyo maana bondia wa kwetu mwenye akili, pambano likikaribia, hula samaki na mayai.

Nyama ya Mama Cuca ilitoka kwa Ladislao, muuza nyama wa kona, baba wa ubatizo wa Evaristo. Haya, mwambie mama yako kwamba nyama iliyokulea huenda ina dawa. Mwambie na huyo aliyekubeba kanisani. Mambo hayo hayasemeki. Evaristo akachagua uongo mwepesi.

"Ni uzito, mama. Nikizidi hata kidogo, hawanipandishi ulingoni."

"Uzito!" Mama Cuca alimbinya mkono kama anayekagua kuku sokoni. "Uzito uko wapi hapa? Ngozi na mifupa. Huyo mwalimu wako atakuulia mbali, mwanangu."

Basi akajitenga. Alipanga chumba juu ya duka la matairi, akapika mwenyewe, akala mwenyewe akiuangalia ukuta. Akaacha kwenda kwenye harusi na ubatizo, maana kwetu ukikataa sahani umemkataa aliyeipika, naye alichoka kuwaeleza mashangazi uzito ni nini. Marafiki waliacha kumwalika. Jioni aliyasikia matairi yakijazwa upepo chini yake, na mara nyingine hiyo ndiyo sauti pekee aliyoisikia tangu atoke mazoezini. Alijiambia kwamba upweke huo una mwisho: siku ya pambano. Akiupata mkanda atarudi kwenye sufuria ya mama yake, ale mpaka ashindwe kuinuka.

Lakini kabla ya pambano ilifika siku ya kumkumbuka baba yake, mwaka mmoja tangu azikwe. Hiyo huwezi kuikwepa. Walisali rozari uani, kisha viti vikasogezwa na Mama Cuca akaanza kugawa. Kila mtu alipewa birria. Mbele ya Evaristo akaweka bakuli la maharage.

"Yako ni haya. Nimeyachemsha kwa maji matupu, usije ukanilaumu."

Evaristo akachota kijiko cha kwanza, akatia mdomoni, akajua. Ile ilikuwa karafuu. Ile ilikuwa pilipili ya mama yake, na chini yake mafuta ya mfupa wa ng'ombe. Mama yake alikuwa amechota mchuzi kutoka sufuria kubwa, akautia kwenye maharage.

Aliinua macho. Mama Cuca alikuwa amesimama mbele yake, mikono imezongwa kwenye aproni, na macho yamemganda usoni pake. Alivaa nguo nyeusi. Mwaka mzima ule hakuna aliyemwona akicheka kicheko cha kweli. Kumbe alikuwa akingoja mwanawe ale.

Angeweza kuliweka bakuli chini. Angesema ameshiba, na mama yake angejua kwamba amegunduliwa, mbele ya mashangazi wote, mbele ya picha ya marehemu. Evaristo akachota kijiko cha pili. Akala yote, akalifuta bakuli kwa kipande cha chapati.

"Mnamwona?" Mama Cuca aligeukia wageni, akacheka, kicheko kile cha zamani. "Maharage tu, na rangi imemrudia!"

Kesho yake alfajiri mlango wa chumba juu ya duka la matairi uligongwa.

Evaristo alikaa kitandani akisikiliza. Alijua ni nani. Asipofungua, ataandikiwa kwamba hakupatikana, na kosa hilo likiwa la kwanza husamehewa. Adhabu huja ukirudia mara tatu. Yeye hakuwa nalo hata moja. Alichohitaji ni kunyamaza tu mpaka waende zao. Lakini hakuwahi kujificha maishani mwake, na alihisi kwamba akijificha leo, hata kama hakujidunga kitu, atakuwa amekwisha kuwa mmoja wa wanaojidunga. Akafungua.

"Samahani kwa kukuamsha, bwana Quintanar," alisema mpimaji, mtu mpole wa mji mwingine, sanduku mkononi. Akamfuata chooni akasimama akitazama, kama kanuni inavyotaka. Mkojo ukagawanywa katika chupa mbili, zikafungwa kwa lakiri, Evaristo akatia saini.

"Pambano jema," mpimaji akamwambia.

Mzee Nabor ndiye aliyeleta majibu. Alikuja hadi mazoezini akamwondoa pembeni ya begi la ngumi. Klenbuterol. Chupa ya pili nayo imesema vilevile. Pambano limefutwa.

"Ni kidogo sana," alisema Mzee Nabor. "Wakili anasema ni kiasi cha nyama. Kwa hiyo uliteleza mahali. Sawa, binadamu huteleza. Tuambie ulikula wapi, na nyama imenunuliwa kwa nani. Watakwenda waipime, na wewe utasafishwa."

Evaristo aliwaona tayari: watu wenye glavu na masanduku ya barafu mlangoni kwa mama yake, Jumapili, foleni imesimama inatazama. Aliwaona wakihamia kwa Ladislao. Hayo pengine angeyavumilia. Alichoshindwa kukitazama ni uso wa mama yake akielewa kwamba ni mkono wake.

"Sijala nyama, mzee."

"Evaristo."

"Sijala."

Mzee Nabor, aliyemfunga bandeji za kwanza mikononi angali mtoto, alimkazia macho kwa muda mrefu. "Basi ulijidunga," alisema. "Nilikulea ili unifanyie hivi?" Akaiteremsha picha ya Evaristo ukutani, akaigeuza uso chini juu ya meza, akatoka. Hakumsemesha tena.

Walimfungia miaka miwili. Kwa bondia wa umri wake hiyo ni kuambiwa kalale. Yule aliyekuwa apigane naye alitangaza kwenye redio kwamba alimshuku tangu zamani. Watoto mtaani walimpigia miluzi, na Chon, nani mwingine, akambatiza jina: "Bingwa wa Sindano! Leo umedunga mkono gani?" Iliniuma, nami nasema wazi kwamba mtaa wetu ulimfanyia uonevu. Alipoingia kwa kinyozi, mazungumzo yalikatika. Alipotoka, aliyasikia yakianza upya nyuma yake.

Mama Cuca peke yake hakuyumba. "Mwanangu hajameza hata aspirini," aliwaambia wateja. "Mashine zao ndizo zimelewa." Aliyebisha alirudishwa nyumbani na sufuria tupu.

Jumapili moja Evaristo alivuka barabara. Hakukuwa na sababu tena ya kukaa garini. Akavuta kiti mlangoni, karibu na Ladislao aliyekuwa akikata nyama, na mama yake akamjazia bakuli la birria mpaka likafurika.

"Kula. Sasa hakuna uzito, hakuna wa kukuzuia."

Akala. Ilikuwa tamu kama alivyoiota kule chumbani, na machozi yalimtoka. Akasema ni pilipili.

Mama Cuca akainama sikioni kwake, uso umejaa utundu wa kitoto. "Nikupe siri? Siku ile ya baba yako nilikutilia mchuzi kwenye maharage. Ulikuwa umekonda, ningefanyaje? Ukala wote! Wala hukutambua!"

Kisu cha Ladislao kikasimama juu ya ubao. Muuza nyama alimtazama Evaristo mara moja, akageuza macho, akaendelea kukata.

"Sikutambua, mama," Evaristo alisema, akamnyooshea bakuli. "Niongeze."