Visiwa Vitatu na Mkeka Mmoja

Watu wakinisimulia likizo zao siku hizi nawasikiliza tu, nacheka kimoyomoyo. Likizo nilizijua mimi! Enzi za Wadachi, hao Wajerumani, mpunga ukishavunwa na shule ya misheni ikifungwa, tulitoka Ipyana kwenda visiwani. Vilikuwa vitatu, vya mchanga na matete, vikijitokeza kila kiangazi mlangoni mwa mto unapoingia ziwani, vidogo hata ukipiga chafya kwenye kimoja unasikika kwenye cha pili. Tuliogelea, tukachoma usipa, vile visamaki vya ziwani, tukalala mchana kweupe bila kuulizwa na mtu. Jamani, ninavyozitamani siku zile!

Kisiwa kimoja kilikuwa cha ndege. Kingine cha babu, baba yake baba, na mtumbwi wake. Cha tatu changu na mama. Tulipelekwa kwa mtumbwi na mfinyanzi wa kabila la Wakisi, rafiki wa mama, naye akarudi zake. Hatukukaa na babu kwa sababu kwetu Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe. Hamtazami, hasemi naye. Akisikia anakuja njiani, anajificha migombani. Mama alikuwa na miaka minane ya ndoa na hajawahi kumwona babu uso. Maji yakitulia yalinifika magotini, basi mimi ndiye niliyevuka kumpelekea babu ndizi za kuchemsha, nikarudi na samaki.

Mwaka ule baba alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya Wadachi, na mama alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika. Wakubwa walikuwa wamemwonya: ukivunja mwiko wa mkwe, na hii itatoka.

Asubuhi moja upepo wa kusini ulivuma, mawimbi yakapanda kisiwani kwetu. Kibanda kikachukuliwa. Mama akawahi kunyakua mkeka wa kulalia na chungu. Maji yalipofika kiunoni kwangu nikapiga kelele, "Babu! Babu we!"

Babu akaja, lakini kinyumenyume! Ametupa mgongo, anarudisha mtumbwi kwa kafi, shingo imekakamaa.

"Mjukuu wangu," akasema akitazama ziwa, "mwambie mama yako apande."

Mama alikuwa hatua tatu tu, anasikia kila neno. Akainamisha kichwa. "Mwambie mwenye mtumbwi siwezi. Nitampoteza mtoto."

"Usipopanda utatupoteza wote!" nikamfokea. Nilikuwa na mdomo tangu utotoni, sikatai.

Babu akarudisha mtumbwi karibu zaidi. "Mwambie kama ameokoa mkeka, si wa kulalia tu."

Mama akaelewa. Akapanda, akalala chini mtumbwini, nikamfunika gubigubi. Nikakaa katikati yao. Wimbi la kwanza likatumwagikia, na mara nikaona mkono unatoka chini ya mkeka, umeshika chungu, unachota maji, unamwaga nje, unachota tena. Babu anapiga kafi, hageuki.

"Mwambie anachota vizuri."

"Mwambie ndaga fijo," mkeka ukajibu. Asante sana. Lo! Nilicheka huku nalia kwa hofu.

Mimba ilikaa. Mdogo wangu akazaliwa, akakua. Tulirudi visiwani kila kiangazi, babu kwake, sisi kwetu, na salamu zote zilipita kinywani mwangu. Nilikuwa mwali babu alipofariki. Mama alilia msiba ule kuliko watoto wa babu mwenyewe. Baada ya mazishi akanivuta pembeni, macho yamevimba.

"Alikuwa na sura gani?"

Nilitaka kumweleza lile paji la uso, zile nyusi zilizoungana, lakini kulikuwa na njia fupi. Nikamwonyesha mdogo wangu, aliyekaa kizingitini anamenya ndizi.

"Ni yule yule," nikasema. "Mwangalie mwanao."

Mama akamwita, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama mpaka mtoto akaanza kujinasua.

"Kumbe," akasema. "Kumbe uso wenyewe nimekuwa nikiunawisha kila asubuhi."