Mto Wangu wa Kwenye Lori

Nye-nye-nye-nye, bila kuwaka. Sauti hiyo ya stata niliisikia tena juzi mtaa wa Gerezani, penye magereji, fundi akipima lori kuukuu, nikasimama na mfuko wangu wa vitunguu.

Nilipokuwa mdogo, lori la baba lilizimika barabarani, bonde la Jangwani. Alisema, “Kompresheni ikiwa imekufa, injini haibani tena hewa, tunaliuza skrepa.” Fundi Selemani akafungua nozeli ya kupulizia mafuta, akafunga geji ya kupimia mahali pake, baba akapiga stata. Harufu ya dizeli ilinikaa kooni. Nye-nye-nye. Basi, nikajua limekufa. Sikulia, nilikufa ganzi tu. Nilipanda nikauchukua mto niliokuwa nikilalia tukienda Lindi kwa bibi, nikakaa nao chini.

Sikujua kwamba fundi alikuwa amekata mafuta makusudi, maana ukipima kompresheni hutaki injini iwake.

“Mzee, injini nzima hii,” akasema, akifuta geji. “Paipu ya mafuta ndiyo inavuta upepo. Wewe ulitaka kuzika mgonjwa wa mafua.”

Paipu ikakazwa, lori likanguruma. Wote walicheka, mimi sikuhisi kitu. Walipoenda kunywa chai, nilipanda peke yangu, nikaurudisha mto mahali pake, nikaulalia kidogo.