Mtetaji wa Wagonjwa

Muuza dawa za masikio wa soko la Msambweni hasemi ila kwa kunong'ona. Vidole vyake vinanukia kitunguu saumu, na kila tone la mafuta ya mwarobaini hulipima joto kwanza kwenye kifundo cha mkono wake. Akisha kulitia sikioni, husimama nyuma ya mgonjwa akamteta: "Huyu ni mchoyo." Anayegeuka kwa hasira huambiwa amepona.

Bi Mwanatumu alimpeleka mumewe, Mzee Matano, ambaye tangu Ramadhani alidai masikio yanavuma tu, hasikii akiitwa. Mkewe alikuwa amemwita mpaka majirani wakawa ndio wanaoitika. Muuza dawa akamteta mzee: mchoyo, mvivu, mkorofi. Mzee akatazama mbele tu. "Na yule mbuzi wake, mkewe amekwisha kumwuza." Mzee hakugeuka, lakini vidole vya miguu vilijikunja ndani ya kandambili.

Muuza dawa akafunika chupa yake. "Dada yangu, nenda naye nyumbani. Ukiwa na la kumwambia, mwambie jirani, tena kwa sauti ya chini."

Hata lango la soko hawajalifikia, mzee akauliza, "Mbuzi yupi?"