Siku Bibi Alipogoma Kaburini

Harufu ya dawa ya viatu hunirudisha kijijini Akheri, chini ya mlima, kwenye kibaraza cha bibi, nikiwa na miaka tisa. Baba mdogo Anaeli, anayemfuata baba yangu kwa kuzaliwa, alikuwa komando. Akija likizo alipanga viatu vyangu vya shule kando ya buti zake, akavipiga brashi mpaka nikaliona ndani yake pengo la meno yangu. Sisi watoto tulitaka habari za kuruka na parachuti. Yeye alitusimulia jinsi jogoo wa bibi alivyomkimbiza. Alikula loshoro, ule mseto wa mahindi na maziwa ya mgando, bakuli tatu, kisha akalalamika kwamba jeshi linamnenepesha.

Mwaka ule alipelekwa kulinda amani nchi ya mbali. Miezi minne baadaye wanajeshi wawili waliingia uani wakavua kofia. Bibi alikuwa anaanika kahawa. Hakuwasubiri.

"Ni Anaeli," alisema.

Wakaitikia kwa kichwa. Kikosi chake kilikuwa kimevamiwa, wakatueleza, naye akabaki nyuma ili wenzake wawatoe majeruhi.

Alirudi ndani ya jeneza lililofunikwa bendera. Kwaya iliimba, wakubwa wakamwita shujaa. Tulipofika kwenye migomba, kaburini, ofisa mmoja mrefu, mwenye sauti ya upole, akatangaza kwamba jeneza halitafunguliwa.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "huyu nimemzaa mimi. Simziki mtu nisiyemwona."

"Mama, tafadhali. Ni maagizo kutoka juu."

"Basi hao wa juu waje na kaburi lao. Hili langu litasubiri."

Mzee mmoja wa ukoo akamsihi asiaibishe msiba. "Aibu ni kumfukia mtu kwa kusikia," bibi akamjibu, akaketi juu ya udongo uliochimbwa, miguu ameinyoosha. Mchungaji alijaribu, baba akajaribu. Manyunyu yakashuka kutoka mlimani, watu wakajikunyata, yeye akakaza tu kanga yake. Hakulia. Binamu zangu walikuwa wanachekea viganjani, nami nilitamani ardhi inimeze.

Mwishowe ofisa aliamuru jeneza lirudishwe sebuleni na watu wote watoke. Akaingia na bibi, mlango ukafungwa. Bibi alipotoka alikuwa amenyooka kama mwali.

"Ni yeye," alisema. "Amelala kama mtoto. Hana hata mkwaruzo. Mzikeni."

Baba, ambaye naye alikuwa ameanza kudai kumwona mdogo wake, akaingia kusaidia kulibeba jeneza. Hakuna aliyeomba tena.

Nilikuwa mtu mzima, bibi mwenyewe tumemzika, yule ofisa, sasa mstaafu, alipokuja kutoa pole. Nilimkaribisha chai. 

"Uso haukuwepo, binti," alisema. "Alimtambua kwa kidole cha mguu kilichopinda. Akaniapisha nisimwambie baba yako."

Miaka yote nilidhani bibi alikaidi kwa ajili yake mwenyewe. Kumbe alijua lazima mmoja wetu aone, la sivyo tungeishi tukijiuliza kama ni yeye kweli. Akaona peke yake, akatudanganya sote, akaenda kuwagawia wageni chakula.

Baba bado husema mdogo wake alilala kama mtoto. Macho yake hayasomi tena, ndiyo maana nimethubutu kuandika haya. Na wale wa ukoo ambao mpaka leo wanasema bibi yangu alikosa adabu msibani, waje waniambie mimi.