Mlima wa Shangazi Tone

Tangazo kwa kila mwenye figo, awe nazo mbili au amebakiwa na moja: mkombozi wenu amepatikana. Ni mama mmoja mfupi, anayevua viatu chini ya meza akidhani hatumwoni, na pale maabara anaitwa Shangazi Tone.

Jina limetokana na kazi. Huchukua tone la mkojo lililo dogo kuliko chozi la mbu, akalipitisha kwenye kipande cha kioo chenye vijia vyembamba kuliko unywele. Humo protini huachana, kila moja na mwendo wake, kisha mashine huzipima uzito na kuchora vilima kwenye skrini. Shangazi alitaka kilima kimoja tu: protini inayojitokeza figo zikianza kuchoka, kabla mwenyewe hajajua. Mdogo wake alichelewa kujua. Siku hizi anasafishwa damu hospitalini, na ili mikono isikae bure, anafuma masweta.

Mwezi uliopita kilima kikatokea. Kilima gani, ule ulikuwa mlima. Kwa wagonjwa wote upo. Kwa wazima, hata kichuguu hakuna. Mkuu wa maabara akaanza kufanyia mazoezi hotuba yake chooni.

Shangazi akaiuliza mashine protini ile ni ya kiumbe gani. Ikajibu: kondoo.

Asubuhi maabara huwa baridi, na asubuhi ndipo alipoandaa mikojo ya wagonjwa, amejifunika sweta jipya la sufu. Ya wazima aliiandaa mchana, sweta amelivua.

Akampigia mdogo wake. "We mtoto, sweta lako limedondosha manyoya kwenye mkojo wa watu."

"Lakini limekukaa?"

"Limenikaa. Ndiyo maana sikulivua asubuhi nzima."

"Basi usinisingizie, dada. Sema wagonjwa wameanza kuota sufu."

Shangazi akacheka mpaka mkuu akadhani analia. Kisha akarudia kazi yote, wagonjwa na wazima kwa kuchanganya, bila sweta, meno yakigongana. Mlima ukatoweka. Pale uliposimama, kumbe ulikuwa umekifunika kilima kidogo, cha wagonjwa tu, na safari hii cha binadamu.

Maabara ikalipuka vigelegele. Mlinzi akaja kuuliza nani anaolewa. Mkuu akapanda juu ya kiti, hotuba mfukoni.

"Shangazi, tupe neno. Tumepata?"

Shangazi akavaa miwani, akakitazama kilima.

"Hao ni wagonjwa ishirini tu. Leteni mikojo mingine."